Mwaka Nilioacha Kutia Niya

Mwezi uliopita, kwenye arusi ya mtoto wa binamu yetu huko Mambrui, nilimwona Bakari akitawadha uani. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, mingi kuliko umri wa bibi arusi mwenyewe, na kwa sura nisingemjua. Nilimjua kwa namna alivyokaa, mgongo wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Alikuwa juu ya kigoda mbele ya mfereji wa tangi, mkono wa kushoto ameunyoosha. Akauosha mpaka kiwikoni, akautazama, akauosha tena. Kisha akarudi kwenye wa kulia, akaanza upya. Wanaume wenzake walikuwa wameshakwenda msikitini, adhana imekwisha zamani, na vijana wawili waliokuwa wakipanga viti wakaanza kumtania bila hata kupunguza sauti. "Babu leo atatumalizia tangi," mmoja akasema. Mwenzake akajibu, "Mwache, anaoga kwa awamu." Bakari hakuwasikia, au alijifanya hasikii. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni na sinia ya pilau mikononi, na sikucheka, kwa sababu ugonjwa ule naujua kuliko ninavyoijua sura yangu. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyepata kunichukia kama Bakari, wala mimi sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye. Lakini pale mlangoni nilikuwa na maneno mawili mdomoni, na yalikuwa maneno ya nyumbani kwa mama yake.

Mama yake alikuwa shangazi yangu, Shangazi Mwanaheri, na mimi niliishi naye Malindi tangu utotoni. Jinsi nilivyofika kwake ni habari ya watu wengine, nitaiacha. Mwaka ninaousimulia, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba ilikuwa ya mawe na chokaa, vyumba viwili virefu vilivyofuatana, cha ndani kikiwa na giza hata jua la saa sita, halafu ua mdogo wenye jiko, kisima na bafu. Shangazi alikuwa mwoshaji wa maiti wa kike katika mtaa wetu. Hakulipwa, aliitwa, akavaa buibui lake, akaenda. Vifaa vyake vilikaa pamoja na vyetu sote. Majani ya mkunazi yalianikwa kwenye ungo mmoja na mbaazi, karafuu maiti ilihifadhiwa katika bati la maziwa ya unga, na sanda ilikuwa ndani ya sanduku la mbao ambalo mimi nililikalia kila asubuhi nikila mahamri. Hakuna aliyeona ajabu. Tangu nilipokuwa mdogo nilimfuata kwenye kazi hiyo nikimshikia ndoo, nikajifunza kuanza na upande wa kulia, kufunika mwili kwa shuka hata unapouosha, kupitisha kidole nyuma ya masikio. Alikuwa mkali. Mwanamke aliyemwaga maji ovyo hakumwita tena.

Mkali alikuwa, lakini si kama nilivyokuwa mkali juu ya nafsi yangu. Katika dini niliyofundishwa, swala huanza na niya, na niya sharti iwepo moyoni wakati ule ule ulimi unapotamka Allahu akbar. Si kabla, si baada. Watoto wenzangu wa chuo cha Kurani waliyasikia hayo wakatoka kwenda kucheza. Mimi niliyasikia nikaanza kujichunguza. Skuli niliiacha darasa la saba, na yote niliyoyajua baadaye nilijifundisha mwenyewe, na mtu anayejifundisha hana mwalimu wa kumwambia kwamba sasa anajua vya kutosha. Nilikuwa nikisema Allahu akbar, nikijiuliza kama moyo ulikuwapo, nikivunja swala, nikianza tena. Magharibi ilinikuta ikaniacha. Udhu nao ulikuwa hivyo hivyo. Niliosha viwiko mpaka ngozi ikapauka. Wazee huita hali hiyo wasiwasi, husema ni shetani anayekaa kwenye maji. Dawa ya Shangazi ilikuwa moja. Alisimama nje ya mlango wa bafu na kusema, kwa sauti kavu isiyo na huruma wala hasira, "Imetosha. Toka." Nikatoka. Sijui ningeishije bila sauti ile. Lakini ilinitoa bafuni tu. Kwenye mswala niliingia peke yangu.

Mwaka huo nilipata kazi katika hoteli moja ya Watamu, kwenye chumba cha mashuka. Gari la wafanyakazi lilituchukua asubuhi na kuturudisha jioni. Tulikuwa wasichana wa kila namna, wengine wa Matsangoni, wa kanisa na wasio wa chochote, na kutwa tulikunja. Naweza kusema bila haya kwamba sijawahi kuwa na furaha kama ile. Unashika pembe mbili, mwenzako pembe mbili, mnavuta, mnakutana katikati. Shuka ama limenyooka ama halikunyooka. Halikuulizi moyo wako ulikuwa wapi ulipolishika. Wenzangu walinicheka kwa kurudia yaliyokunjwa vibaya na wengine, ila nikishalinyoosha shuka mimi, lilikuwa limekwisha, na niliweza kuliacha likae juu ya rafu nisilifikirie tena. Swala za mchana nilianza kuziahirisha kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuswali, na hiyo ilikuwa kweli kwa wiki ya kwanza. Jioni moja, gari linapita Gede, nikatambua kwamba adhuhuri imepita, alasiri imepita, na mimi sikuwa nimeziswali wala sikuwa nimezikumbuka. Nikakaa nikiisubiri hofu. Niliisubiri mpaka Malindi. Haikuja.

Watu wanapenda kusikia kwamba mahoteli ndiyo yaliyoniharibu. Nimesikia hotuba za aina hiyo maisha yangu yote: Wazungu uchi ufukweni, pombe, disko, binti wa Kiislamu akapotea. Hakuna Mzungu aliyepata kuniambia neno moja juu ya Mungu. Waliniomba taulo. Kuna na wengine, wasomi waliokwenda vyuo vikuu, ambao wakinisikia hunipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani, huniuliza ni kitabu gani kilichonifungua macho. Hao wananiudhi zaidi. Sikufunguliwa macho na mtu. Niliichukulia dini kwa uzito kuliko watu wote walionizunguka, nikataka kuifanya ipasavyo hata mara moja tu, nikashindwa, na siku nilipouweka chini mzigo ule mikono yangu ilikataa kuuinua tena. Imani ilifuata baadaye, polepole, kama mgeni anayeona taa zimezimwa akaelewa kwamba aondoke.

Bakari alirejea mfungo sita, mwezi wa maulidi. Alikuwa masomoni Uarabuni kwa miaka mingi, akaja na ndevu, kanzu fupi na makasha ya vitabu. Shangazi alikuwa amewaita kina mama wa mtaa kusoma maulidi nyumbani kama kila mwaka. Chumba cha nje kilijaa mabuibui, kahawa inapikwa, halua imekatwa, chetezo kinafuka udi katikati ya mkeka. Bakari akaingia bila hodi, akakichukua kile chetezo mbele ya wote, akatoka nacho uani akakimwagia maji. Tuliusikia mlio wa makaa.

"Mama, jambo hili Mtume hakulifanya," akasema aliporudi.

"Na ndege iliyokuleta, aliipanda?"

Kina mama wakacheka. Bakari hakucheka. "Ndege si ibada, Mama."

"Wewe ulikwenda kusoma," Shangazi akamwambia, "au ulikwenda kutafuta makosa yangu? Kaa ule halua. Hutaki kukaa, tupishe tusome."

Hakukaa wala hakula. Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na amani. Alikataza khitma za kuwasomea wafu, akakataza kwenda kuzuru makaburi, akaitupa hirizi iliyokuwa juu ya mlango tangu marehemu babake akiwa hai. Shangazi akatundika nyingine. Walizozana juu ya chai, juu ya samaki, juu ya namna ya kumsalimia jirani. Mimi nilikuwa upande wa Shangazi, ambaye imani yake sikuwa nayo, dhidi ya Bakari, ambaye imani yake sikuwa nayo vile vile. Na sababu yangu ya kumchukia haikuwa maulidi. Ilikuwa namna alivyoswali. Alisimama, akainua mikono, akaanza, mara moja, kama mtu anayewasha taa. Nilimtazama kwenye upenyo wa pazia kwa husuda.

Kuacha swala katika nyumba ya Kiislamu si jambo la kuficha kirahisi kwa mwanamume, kwa maana msikiti unamhesabu. Mwanamke ana pazia lake. Siku zake zikiingia haswali wala hafungi, na neno linalotumika ni udhuru. "Nina udhuru," unasema, na hapo mazungumzo yanakoma, hasa kama kuna mwanamume karibu. Nilianza kulitumia neno hilo kabla ya Ramadhani na Ramadhani ikanikuta nalo. Bakari aliona. Aliniona sitawadhi, aliniona nikitoka jikoni mchana nikijipangusa mdomo, na hakuweza kusema kitu, kwa sababu kuuliza kungemfedhehesha yeye. Alikuwa akigeuza uso na kuvuta pumzi kwa nguvu. Nakiri nilifurahia. Niliendelea kupita mbele yake.

Kosa langu lilikuwa kumsahau Shangazi, aliyejua miili ya wanawake kuliko daktari. Kumi la mwisho limeingia, tumeketi kwenye mkeka kufuturu, tende, uji wa pilipili manga, kaimati, mbaazi za nazi. Akanimiminia uji, akasema kwa utulivu, "Zuhura, huu udhuru wako ni wa namna gani? Mwezi umeandama nao, na mwezi karibu utakwisha nao."

Bakari akaacha kutafuna. "Mama, hayo mazungumzo yenu, tafadhali."

"Sikusema nawe. Zuhura."

"Siyo udhuru, Shangazi," nikasema. "Siswali. Niliacha kabla ya Ramadhani. Na sifungi."

Nakumbuka nzi juu ya kaimati, na Shangazi akimfukuza kwa mkono. Bakari akasukuma sahani yake. "Mimi sili pamoja na huyu."

"Usile," Shangazi akamjibu. "Wenye njaa watakula."

Lakini kesho yake nilikuta kikombe changu cha bati kimewekwa peke yake dirishani, na sahani yangu kando yake, navyo havikurudi kabatini tena. Shangazi akaacha kusema nami. Alipokuwa na neno la kunifikishia alimwambia paka. "Mwambie huyo chai iko jikoni." "Mwambie huyo mvua inakuja, nguo zake ziko nje." Bakari yeye alisema moja kwa moja. Alinikuta kisimani, akaniambia, "Ungekuwa mwanamume ningekutoa nyumba hii kwa mkono." Nikamjibu, "Na wewe ungekuwa na hoja usingehitaji mkono." Tuliishi hivyo. Ningeweza kuondoka, mshahara nilikuwa nao, na wasichana wa kazini walinitafutia chumba Watamu. Sikuondoka. Nilijiambia kwamba ni ukaidi.

Baada ya Idi miguu ya Shangazi ikavimba. Mara ya kwanza alipoitwa kwenye maiti akashindwa kuinuka, akaenda mwingine, na Shangazi akakaa kitandani kutwa akinung'unika kwamba marehemu yule ameoshwa kama sufuria. Kisha hakuinuka kabisa. Alasiri moja mimi nilikuwa nikimbadilishia mito, Bakari ameketi karibu na mlango na msahafu, akasema, "Nani ataniosha mimi?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Niseme nini, nitabaki nimesimama kama magofu ya Mnarani? Ataniosha Zuhura."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu tangu ile futari. Bakari akafunga msahafu. "Mama, huyu haswali."

"Sikukuuliza. Wanaoswali nimewaona. Wanasahau nyuma ya masikio."

"Na niya? Atatia niya gani, mtu asiyeamini?"

Nikainamisha kichwa, kwa sababu katika maneno yote aliyonirushia mwaka ule, hilo ndilo pekee lililonipata. Ni swali nililojiuliza mimi tangu utotoni. Shangazi alimtazama mwanawe, akasema, "Msomi ni wewe. Nenda kaangalie. Ukikuta haifai, basi, wataniosha hao wa sufuria."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini sikuondoka. Nilitaka kumwosha. Sijapata kutaka kitu kama nilivyotaka kile, na kilikuwa mkononi mwa mtu aliyeniita kafiri kila siku. Vitabu vyake vilikuwa vya Kiarabu kigumu ambacho mimi sikukiweza. Kina mama wa mtaa wasingembishia. Alihitaji kusema neno moja tu, haifai, na Shangazi angelikubali, kwa kuwa pamoja na ugomvi wao wote alijivunia elimu ya mwanawe kuliko alivyokiri. Bakari akaingia chumba cha nje na makasha yake. Kesho yake nilimsikia akifunua kurasa, akifunga, akifunua nyingine. Nilijua anachokitafuta. Nilikunja nguo za Shangazi, nikazikunjua, nikazikunja.

Alikuja baada ya swala ya alasiri akasimama nje ya pazia, hakuingia. "Mama," akasema, "wewe ni Shafii, na mimi nitajibu kwa madhehebu yako. Kauli yenye nguvu ni kwamba niya ya mwoshaji si sharti. Maji yakienea mwili mzima, faradhi imetimizwa." Kisha akaongeza, "Hata akiosha kafiri."

"Umesemaje? Sikusikia."

Alikuwa amesikia. Bakari naye alijua kwamba amesikia. "Nimesema inasihi, Mama. Anaweza kukuosha."

Tukasikia viatu vyake vikitoka nje. Nimeligeuza jambo hilo miaka mingi. Angeweza kusema uongo, akanishinda, akalala vizuri. Alinichukia kiasi cha kutosha. Akasema kweli, na kwa hilo nilimchukia zaidi, maana aliniharibia chuki yangu, ikawa haikai sawa tena mkononi. Na kile alichokisema nacho hakikuniacha. Dini iliyonidai moyo wangu kwa miaka, kwa wakati wake kamili, kumbe ilikuwa na kazi moja ambayo haikudai ila maji. Sisemi kwamba ningalijua hilo mapema ningalibaki. Sijui. Ninasema kwamba nilikaa kando ya kitanda nikalia kwa hasira, na Shangazi akamwambia paka, "Mwambie huyo asinilowanishie shuka."

Alifariki wiki ile, alfajiri. Kitanda cha kamba kikatandikwa chumba cha ndani, chini yake shimo la kupokea maji, pazia likashushwa. Bi Salma, jirani yetu, ndiye aliyenimiminia. Nilianza vizuri. Kulia, kisha kushoto, chini ya shuka, maji ya mkunazi yakitoa povu jembamba. Nilipitisha kidole nyuma ya masikio. Kisha nikafika bega la kushoto, na pale jambo nililodhani nimeliacha Watamu likarudi zima. Je, maji yameenea? "Tena," nikamwambia Bi Salma. Akamimina. Nikatazama ngozi, inang'aa, imelowa, nami sikuiamini. "Tena." Akamimina. "Tena, Bi Salma." "Mwanangu, yameshafika." "Bado. Tena." Maji ya kisima yakaanza kupungua ndooni. Nje wanaume walikuwa wameshaleta jeneza, tukawasikia wakikohoa, na mikono yangu ilikuwa bado juu ya bega la mtu pekee aliyejua kunitoa mahali pale, na yeye alikuwa amelala.

"Imetosha," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Toka."

Ilikuwa sauti ya Bakari, kavu, haina huruma wala hasira. Sikujua kwamba alipata kuyasikia maneno yale ya mama yake. Labda alisikia utotoni mwetu, kabla ya Uarabuni, mimi bafuni na yeye uani akingoja zamu yake. Niliinua mikono begani. Bi Salma akanipa maji ya karafuu maiti, nikayapitisha mara moja, na mara moja hiyo ikawa imekwisha. Sanda tuliikunja pembe kwa pembe.

Khitma haikusomwa nyumbani, Bakari alikataa. Kina mama waliisoma kwa Bi Salma na mimi nikawapelekea kahawa, nisiyeamini nikihudumia wanaoamini, kinyume cha amri ya aliyeamini kuliko wote. Tanga lilipoondolewa nilikuta mkoba wangu umewekwa nje barazani, nguo zimesokomezwa ndani. Nikakaa pale pale nikazikunja upya, moja moja, Bakari akinitazama kutoka dirishani, kisha nikaenda Watamu, na baadaye Mombasa, na sikurudi. Siku hizi binti anaweza kuacha swala Malindi na hakuna atakayemtengea kikombe. Hakuna hata atakayejua kwamba ameacha. Wengi wananiambia huo ndio uhuru. Mimi huona kwamba hakuna anayemtazama.

Pale Mambrui niliweka sinia ya pilau chini, nikavuka ua. Aliona miguu yangu kwanza.

"Shikamoo, Kaka Bakari."

Hakuitikia. Alinitazama, akaniuliza, "Bado huswali?"

"Bado," nikasema.

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mkono wake wa kushoto. Aliuosha, akautazama. Akauosha. Wale vijana wawili walikuwa wameacha viti, wanatuangalia.

"Imetosha," nikamwambia. "Toka."

"Sikukuuliza," akasema, bila kugeuka. Maji yaliendelea kidogo kumwagika kwenye kiwiko chake. Kisha akaufunga mfereji.